Siku moja kwa baiskeli: Uyole – Tukuyu – Kyela. Tuongee kushuka mlima, kupanda tumeshaongea sana

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Wakubwa zangu shikamooni.

Humu kila anayetaka kusafiri na baiskeli milimani anauliza kupanda. Gia ziwe na meno mangapi, pumzi itatosha, miguu itakaza wapi. Ni maswali ya haki, ila naona tunautazama mlima upande mmoja. Kupanda kukikushinda unashuka, unakokota, unafika umechelewa. Kushuka kukikushinda unaokotwa mtaroni, au chini ya lori. Kwa hiyo naleta njia ninayoipenda kuliko zote nchini, ya kutembea toka alfajiri mpaka jioni, na nitakaa zaidi kwenye mteremko.

Kwa asiyeijua: Uyole ni njia panda ya Mbeya, pale barabara ya kwenda Malawi inapoachana na ile kubwa ya Dar na Zambia. Ukikata kusini unapanda milima ya Uporoto hadi maeneo ya Isyonje, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kisha unateremkia Isongole na Kiwira, unapanda tena kwenda Katumba na Tukuyu, halafu unaporomoka mpaka bonde la Kyela. Ziwa Nyasa lenyewe liko chini ya mita 500. Lami mwanzo mwisho, kilomita 110 na ushei. Kwa hesabu ya haraka, toka juu Isyonje mpaka Kyela unashuka mita 1,700 hivi, bila kuhesabu vile vilima vya katikati vinavyokupandisha na kukushusha tena.

Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi, kukianza kupambazuka. Sababu ya kwanza ni malori. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo na mafuta ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, na kadiri jua linavyopanda ndivyo foleni inavyonona. Sababu ya pili ni mvua ya Tukuyu, ambayo aghalabu hupenda mchana. Ukichelewa kuondoka Uyole, utakutana na vyote viwili kwenye kona za kushuka.

Igawilo unaipita bado miguu haijachangamka, na hapo kupanda kumeshaanza. Panda kwa mwendo ambao ungeweza kuongea na mwenzako bila kukatisha sentensi. Ukiona huwezi, punguza gia, na gia zikiisha punguza haraka. Mashamba ya viazi mviringo yanakuwa pande zote, baadaye na pareto. Baridi ni ya kweli. Juni na Julai huko juu majani huamka na sakitu, na mikono isiyo na glavu inakufa ganzi hata ukiwa unapanda na jasho linakutoka. Kumbuka vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyobonyeza breki nusu saa baadaye.

Isyonje simama. Hata kama hujachoka, simama. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kitulo na Makete. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ile wenyeji wanayoiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake ya masika. Nayo ni safari ya baiskeli inayojitegemea, tuiache kwa siku nyingine. Kinachonisimamisha mimi ni akina mama wa viazi. Viazi vya kuchemsha na maganda yake, moto unakupita mpaka kwenye glavu, chumvi imefungwa kwenye kipande cha nailoni na pilipili ya kusaga pembeni. Kula vya kutosha, kunywa chai, vaa koti ukiwa bado una joto mwilini. Usisubiri uanze kutetemeka, maana kwenye mteremko huzungushi pedeli na upepo unakukata kifuani.

Sasa twende kwenye lenyewe.

Chukua mtu, baiskeli na mzigo wake, jumla kilo 100. Kushuka mita 1,700 kunatoa nishati ya kama kilojuli 1,670. Sehemu yake inaliwa na upepo, inayobaki inaishia kwenye breki ikiwa joto. Ingekuwa yote inaingia kwenye sufuria, ingechemsha lita 5 za maji ya bomba. Rimu ya alumini ni nyembamba, na ndani yake kuna tyubu yenye upepo wa kubana. Ndiyo maana kuna watu tyubu zinawapasukia katikati ya mteremko na wanalaumu msumari ambao haukuwepo. Kiraka cha tyubu nacho kikipata joto, solusheni inalainika na kiraka kinateleza. Kama tyubu yako ina viraka vitatu, ibadilishe kabla ya siku hii, hiyo ya viraka iweke kwenye begi iwe akiba.

Wengi tunashuka tumeminya breki kidogokidogo kuanzia juu mpaka chini tukidhani ndiyo usalama. Hapo ndipo rimu inapopikwa, kwa sababu unakwenda polepole, upepo haukusaidii kupunguza mwendo, kazi yote inabaki kwa raba za breki. Pale barabara imenyooka na unaona mbali, achia, kaa wima, kifua kiushike upepo. Kona ikikaribia, kamata breki zote mbili kwa nguvu huku baiskeli ikiwa wima, sogeza kiuno nyuma ya siti, punguza mpaka mwendo unaoumudu, achia, kisha ndiyo uingie kona. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, msiiogope, ila msiibane mkiwa mmelala kwenye kona, hasa lami ikiwa na maji au mchanga.

Na simama njiani. Kila sehemu penye nafasi ya kutoka barabarani kabisa, toka, gusa rimu kwa mgongo wa kidole. Ikiwa inaunguza, subiri. Diski usiiguse kabisa, idondoshee tone moja la maji, likilia na kuruka, kaa chini ule ndizi mbili. Hakuna anayekufukuza.

Ukungu nao ni wa kwao huko. Kati ya Isyonje na Isongole unaweza kushuka unaona mita chache tu mbele. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata kama ni saa nne asubuhi, na kizibao cha kung'aa kivaliwe juu ya koti, si chini yake. Lori lililoshiba mzigo hushuka kwa gia ndogo, polepole kuliko wewe. Kishawishi cha kulipita ni kikubwa. Msilipite kwenye kona. Baki nyuma kwa mbali, na ukisikia harufu ya breki zake zinaungua, simama kando ulipe nafasi liende mbele sana.

Kwenye mteremko huu niliwahi kufuatana na kijana aliyebeba ndizi. Mikungu mitatu, miwili imelala pembeni ya keria na mmoja juu, imekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Phoenix, breki ya nyuma hakuna. Mguu wa kulia kauondoa kwenye pedeli, kauingiza nyuma ya mlingoti wa siti, kisigino cha kandambili kinabonyeza tairi la nyuma. Kandambili ile upande wa kisigino ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama karatasi, na chini yake kashona kipande cha tairi la gari. Alikuwa akibonyeza, anaachia, anabonyeza, anaachia, na kwenye kila kona alishaupunguza mwendo kabla hajaifikia. Kanuni ileile niliyoandika hapo juu, hakufundishwa na mtu wa mashindano. Nasema hili kwa heshima kabisa: watu wa Rungwe wameshuka milima hii na mizigo miaka mingi kabla yetu sisi wenye baiskeli za gia, na atakayewaangalia vizuri atajifunza mengi. Ila kandambili yao msiiige. Wao hawana namna, nyie mnayo.

Kiwira mnafika joto limeanza kurudi mwilini. Kuna chai, chapati, mahindi ya kuchoma, maparachichi ya kushiba. Mwenye nguvu na muda anaweza kuchepuka kwenda Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliotanda juu ya mto Kiwira, lakini kwa siku moja hadi Kyela mimi nashauri msichepuke. Njooni siku nyingine mlale Tukuyu, muone na Ziwa Ngozi, lile la kwenye shimo la volkano ambalo mmeliacha upande wa kulia wakati mnashuka.

Kiwira hadi Tukuyu ni kupanda tena, na hapa ndipo watu wengi wanakata moto, kwa sababu akilini walishamaliza milima. Kushoto kwenu mlima Rungwe, ukikubali kuonekana. Msitu wake ndiko alikopatikana kipunji, nyani mdogo wa mitini ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua mpaka 2003, japo wawindaji wa Kinyakyusa walishakuwa na jina lake. Jina hilohilo ndilo dunia nzima inalolitumia leo. Nikipita hapo naona fahari, sijifichi.

Katumba mashamba ya chai yanaanza kuwaka kijani, barabara inazungukazunguka katikati yake, na harufu ya kiwanda ikiwa upepo unakuja upande wenu inawasindikiza mpaka karibu na mjini. Tukuyu kula chakula kizito, ndizi na maharage au na nyama, pumzika saa nzima. Angalia raba za breki. Toa vipande vya chuma vilivyojichomeka humo kwa ncha ya kisu, maana ndivyo vinavyokwangua rimu. Kaza waya kama zimelegea. Mkiwa na breki za waya, zitakuwa zimelegea.

Toka Tukuyu kwenda chini ni mteremko mwingine, mrefu kuliko ule wa kwanza, na tofauti kabisa. Ule wa kwanza adui ni baridi na ukungu. Huu adui ni uchovu. Mikono imechoka kuminya, macho yamechoka, na mwili unadhani safari imeisha. Joto huongezeka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo koti la asubuhi linakuwa mzigo, fulana inalowa, na ghafla mnaona mikakao chini ya kivuli cha migomba, kisha minazi, kisha bonde limelala tambarare lina mpunga mpaka macho yanapoishia. Milima ya Livingstone inasimama upande wa kushoto, ng'ambo ya bonde. Hapo breki ziachieni kabisa, zungusheni pedeli, zimebaki kilomita za tambarare na upepo wa ziwa usoni.

Kyela jioni kuna wali wa Kyela na mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa. Anayejua wali huo haniulizi kwa nini niliendesha mlima mzima.

Karibuni tuchangie.

#2 Mdau wa Dodoma

Mkuu hongera kwa bandiko la maana. Swali langu ni dogo. Mimi nina Phoenix ya kawaida, haina gia, breki za vyuma. Nimeendesha nayo Dodoma mpaka Singida, haijawahi kunisumbua. Inaweza njia hii au nijitose kununua ya gia?

#3 Fundi baiskeli, Mwanjelwa (Mbeya)

Naomba nimjibu huyu ndugu kabla ya mleta uzi, maana baiskeli za njia hiyo zinapita mikononi mwangu.

Phoenix inaweza. Kupanda utakokota sehemu kubwa hadi Isyonje, hilo likubali kabisa, hakuna aibu. Shida yako ni breki. Hizo za vyuma zinavuta rimu kwa chini, na rimu ya Phoenix ni ya chuma. Chuma kikilowa, raba inateleza kama imepakwa sabuni. Mvua ikinyesha shuka ukiwa unakokota, sitakudanganya.

Kama unaamua kwenda nayo, fanya haya kabla. Raba zote nne mpya. Vyuma vya breki vinyooshwe visiguse tairi, na zile nati ndogo za kwenye maungio zote zikazwe, maana moja ikichomoka breki nzima inalala. Spoki zikaguliwe moja moja, unapiga kwa kidole, inayolia tofauti na wenzake imelegea. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba, na ukilipeleka mteremkoni na spoki mbili zilizokatika linapinda hapohapo kwenye kona. Mlingoti wa usukani uvutwe, utazamwe chini kama una ufa. Huo watu huwa hawaangalii. Nimeshaletewa uliokatika, mwenyewe kaja na bandeji.

Baiskeli za gia za mtumba nazo msiziamini kwa sababu ya muonekano. Nyingi zimekaa kwenye kontena, waya zimeshika kutu ndani ya mpira wake. Unaminya breki, waya unavutika, ukiachia haurudi. Badilisha waya na mpira wake vyote viwili, ni hela ndogo sana ukilinganisha na hospitali.

#4 Mdau wa Dodoma

Fundi nashukuru sana. Nitakuja Mwanjelwa uniangalizie hiyo Phoenix kabla sijathubutu.

#5 Mzee wa Busokelo

Vijana wangu, salaam. Marahaba kwa aliyenisalimia.

Nimesoma habari ya huyo kijana wa ndizi nikakaa kimya kwanza. Kazi hiyo nimeifanya ujana wangu wote. Tulikuwa tunapandisha mchele kutoka Kyela na kushusha ndizi na viazi. Naomba niongeze jambo ambalo mleta uzi hakuligusa, namna ya kufunga mzigo.

Mzigo mzito ukiwa juu ya keria, kona inakuvuta. Weka uzito chini, pembeni, kulia na kushoto sawasawa, na usogee karibu na siti kadiri unavyoweza. Mzigo ukikaa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kutikisika ukiwa kwenye mwendo, na ukianza kutikisika hivyo ukauminya kwa hofu, unazidi. Bana bomba la juu kwa magoti, legeza mikono, punguza mwendo polepole kwa breki ya nyuma. Utatulia. Tulikuwa tukifundishana hivyo, na waliobisha waliacha ngozi kwenye lami.

La pili, kamba ya katani inalegea ikilowa na kukauka. Mpira wa tyubu hauna tabia hiyo, unaendelea kubana. Na ncha ya mpira usiiache inaning'inia karibu na spoki.

La tatu, wanaodandia malori wakati wa kupanda. Naomba sana. Mkono mmoja umeshika lori, mmoja usukani, dereva hakuoni, akibadilisha gia lori linarudi nyuma kidogo kisha linaruka. Nimezika mwenzangu kwa jambo hilo.

#6 Mleta uzi

Mzee wangu, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa). Pole sana kwa msiba huo, hata kama ni wa zamani. Hilo la usukani kutikisika sijawahi kuliona limeelezwa vizuri hivi kwa Kiswahili, na limewahi kuwakuta wengi tunaobeba mabegi ya nyuma tu. Wenye mabegi manne, pelekeni mawili mbele, chini karibu na ekseli. Na la kudandia malori nawaomba wote mlisome mara mbili.

#7 Dada wa Arusha

Habari zenu. Mimi naendesha sana huku kuzunguka Meru, nimezoea milima. Swali langu ni la mwanamke anayesafiri peke yake. Njia ina watu? Maeneo yenye misitu ni marefu kiasi gani? Na choo, tuongee ukweli, mnaandika habari za breki kurasa mbili hamsemi mtu anajisitiri wapi.

#8 Mkazi wa Tukuyu

Dada karibu sana kwetu. Njia ina watu karibu muda wote. Vijiji vimefuatana, mashamba yamefuatana, utakuta mtu yuko barabarani tangu alfajiri. Sehemu za miti ya kupandwa kabla ya Kiwira ndizo zenye ukimya kidogo, na hata hapo magari hayakatiki. Pita asubuhi, usipite jioni giza likiingia.

Choo: Isyonje ulizia kwenye migahawa, Kiwira kuna stendi, Tukuyu stendi na nyumba za wageni, chini huko vituo vya mafuta. Beba maji yako na sabuni. Kwenye mgahawa ukinywa chai tu hawakukatalii. Ukiona shida ingia nyumba yoyote yenye mama uwanjani, msalimie vizuri, mwambie unasafiri. Wanyakyusa kwa mgeni aliyesalimia hawana neno. Ukimwambia "ugonile" kabla ya Kiswahili, jiandae kukaribishwa na ndizi.

Kulala usilazimishe kufika Kyela siku hiyohiyo. Tukuyu kuna vyumba vya kila bei, waulize wana sehemu ya kuingiza baiskeli ndani. Wengi wanakuruhusu uilaze chumbani.

#9 Mpanda milima wa Songea

Mleta uzi nakuheshimu ila hapa tutatofautiana. Mimi naona njia hii ifanywe kinyume. Anza Kyela alfajiri, panda mchana kutwa, fika Uyole jioni. Kwanza unapanda ukiwa na mwendo mdogo, ajali hata ikitokea ni ndogo. Pili malori yanayopanda yanakwenda taratibu. Tatu unaiona nchi vizuri, huoni lami tu. Wewe mwenyewe umesema kushuka ndiko kunakoua, sasa kwa nini unawapeleka watu kwenye mteremko wa mita 1,700?

#10 Mleta uzi

Hoja nzito mkuu, na kwa mtu mwenye miguu yako sipingi. Nchi unaiona vizuri zaidi ukipanda, hilo nakubali moja kwa moja.

Ila fikiria mpangilio wa siku. Ukianza Kyela unaanza na tambarare lenye joto na unyevu, jasho linakutoka kabla hujagusa mlima. Tukuyu unafika mchana, saa ya mvua. Kisha jioni, ukiwa umelowa na umechoka kuliko wakati wowote, ndiyo unafika juu Isyonje kwenye baridi na ukungu, na bado una mteremko wa kwenda Uyole mbele yako, jua linazama. Yaani mteremko hukuukwepa, umeuahirisha mpaka saa mbaya kuliko zote. Mimi naona bora nishuke mapema mwanga ukiwepo, mikono ikiwa na nguvu.

Anayetaka kupanda, aigawe. Siku ya kwanza Kyela hadi Tukuyu, alale. Siku ya pili aanze asubuhi, Isyonje aifikie kabla ya saa sita. Hapo naungana na wewe kabisa, tena ni safari nzuri mno.

#11 Mpanda milima wa Songea

Hapo kwenye saa za jioni Isyonje umenibana. Kuigawa ni sawa. Ila atakayepanda Kyela hadi Tukuyu asibebe maji kidogo akidhani ni nchi ya mvua, joto la bondeni linakausha. Mimi natia kwenye chupa moja na chumvi zile anazopewa mtu anayeharisha (ORS) kutoka duka la dawa, kwangu naona zinanisaidia.

#12 Mdau wa Iringa

Wakuu, miezi gani inafaa? Nina likizo ya Aprili.

#13 Mkazi wa Tukuyu

Aprili ndugu yangu usije na baiskeli. Huku kwetu mwaka mzima mvua inazidi milimita 2,000. Hewa yenye unyevu inatoka ziwani, inagonga milima hii, inapanda, inapoa, inamwaga. Machi mpaka Mei ndiyo kilele. Barabara inakuwa na udongo mwekundu ulioshuka kutoka mashambani, na lami yenye udongo ni utelezi mtupu. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi yako. Hata hapo beba koti la mvua. Juni na Julai mvua ni chache ila baridi ya juu mleta uzi ameshaisema.

#14 Mleta uzi

Nasisitiza. Na kwa watakaolala Kyela, kule bondeni malaria ipo, si kama huku juu. Hakikisheni chumba kina chandarua kisicho na matundu, na mkivaa kaptula ya baiskeli jioni pakeni dawa ya mbu miguuni.

#15 Dada wa Arusha

Asanteni kwa majibu ya kueleweka. Napanga Septemba, nitalala Tukuyu kisha niendelee mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. La mwisho: kurudi. Mabasi yanabeba baiskeli, na niifungeje isiharibike?

#16 Mleta uzi

Yanabeba. Kutoka Kyela kwenda Mbeya kuna Kosta na mabasi mchana kutwa. Kama unatoka Matema, kwanza upate gari la kukufikisha Kyela, na hayo ni machache, kwa hiyo usiondoke Matema mchana ukitegemea bahati.

Nauli ya baiskeli patana na konda kabla haijanyanyuliwa kutoka chini. Ikishapanda juu ya keria ya gari, bei si yako tena. Toa gurudumu la mbele, chomoa pedeli zote mbili (ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha upande wa saa), geuza usukani ulale sambamba na bomba. Mfupa wa gia wa nyuma (kile chuma kinachoning'inia na kuhamisha cheni) ndio unaopinda haraka, kwa hiyo ilaze upande wa kushoto, cheni iwe juu, na chini yake kuwe na gunia la mchele au kitu laini. Usikubali iwekwe chini ya magunia. Panda mwenyewe juu uone inavyofungwa, au mtume kijana wa stendi unayemwamini kwa macho yako.

Kama breki ni za diski, weka kipande cha boksi kilichokunjwa katikati ya raba zake ukishatoa gurudumu, maana mtu akiminya breki bila diski ndani, raba zinagusana na kuzitenganisha njiani ni kazi. Ukifika Uyole shuka hapohapo, usisubiri mjini. Pana nafasi ya kuifunga baiskeli bila kusukumwa.

Ukishatoka Septemba rudi hapa utuambie barabara ya Matema ikoje, wengi tunaihitaji hiyo taarifa.